Mwongozo kamili: Kuchagua GPS ya gari ya bei nafuu inayozijua barabara zetu

Tulikuwa tunasafiri usiku kwenda msibani Ludewa, Noah imejaa, shangazi yangu amekaa kiti cha mbele. Kwenye kioo nilikuwa nimebandika GPS niliyoinunua Dar es Salaam wiki ile ile, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba "ina Afrika nzima". Mpaka Morogoro iliongea vizuri. Baada ya hapo ikabaki na mstari mmoja wa barabara kuu uliozungukwa na kijivu kitupu, na njia panda ya Itoni tukaipita bila yenyewe kusema neno. Aliyetugeuza ni kijana wa bodaboda, saa nane za usiku. Tulipoteza saa mbili na nusu, na asubuhi ile shangazi alikuwa na kaka yake wa kumzika.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue GPS gani ya bei nafuu, swali langu la kwanza kwake ni moja: ina ramani ya wapi? Kioo kikubwa, sauti nzuri, kamera ya nyuma, vyote hivyo vinakuja baadaye. Unachokinunua ni ramani. Chombo chenyewe ni sahani ya kuilia. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata wazo hilo, na nyingi zinalenga mwenye gari wa Tanzania, ingawa wa Kenya na Uganda naye atazitambua.

Hatua ya 1: Sema unachokitaka kwa jina lake

Ukiingia duka la vifaa vya magari ukasema "nataka GPS", kuna uwezekano mkubwa utaletewa kiboksi kidogo cheusi chenye waya kadhaa na nafasi ya laini ya simu. Hicho ni kifaa cha kufuatilia gari, wengi wanakiita traka. Kinafichwa chini ya dashibodi na kazi yake ni kumtumia mwenye gari taarifa za mahali gari lilipo. Ule mfumo ambao LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, inautaka kwenye mabasi ya abiria nao ni wa ukoo huo huo. Hakuna kati ya hivyo kitakachomwambia dereva akate kushoto.

Kwa hiyo sema: "Nataka GPS ya ramani, ya kuonyesha njia, ya kubandika kwenye kioo." Maneno haya yatakuokoa na maelezo marefu, na yatakuonyesha mapema kama muuzaji anaijua biashara hii au anakisia.

Hatua ya 2: Pima simu yako kabla hujatoa pesa

Wengi bado wanaamini GPS inakula bando. Haili. Setilaiti za GPS za Marekani zinazunguka dunia kwa umbali wa kilomita kama 20,200 juu yetu, zikitangaza muda na mahali zilipo kama redio inavyotangaza taarifa ya habari. Kipokezi chako kinasikiliza tu. Kikishapata setilaiti nne kinaweza kukokotoa kilipo. Hakuna malipo, hakuna mnara, hakuna laini. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayoshushwa kutoka intaneti pamoja na taarifa za foleni.

Ina maana simu yoyote yenye kipokezi cha GPS na ramani iliyohifadhiwa ndani tayari ni kifaa cha kuonyesha njia, hata kama haina laini. Programu ya Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, na unashusha ramani ya nchi nzima mara moja. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, inafaa kwa mtu mwenye subira ya kusoma mipangilio. Google Maps nayo inakuruhusu kuhifadhi eneo fulani, lakini eneo hilo lina muda wa kuisha na linatakiwa kuhuishwa, tena bila intaneti hutaona foleni.

Fanya jaribio hili la siku moja. Shusha ramani ukiwa nyumbani. Weka simu kwenye hali ya ndege, hakikisha huduma ya mahali imewashwa, kisha endesha safari ya kweli ya zaidi ya saa moja, mfano kutoka Ubungo hadi Chalinze, mchana wa jua kali. Angalia mambo matatu: kama simu inachemka mpaka inapunguza mwanga au kujizima, kama chaji inapanda au inashuka ingawa imechomekwa, na kama unaweza kusoma kioo bila kuinama.

Ikifaulu yote matatu, nunua kishikio imara na chaja nzuri ya gari, umemaliza. Sisemi hivi kukufukuza. Nimeona watu wakilipia chombo kibovu kuliko simu waliyokuwa nayo mfukoni.

Bado kuna watu ambao chombo cha peke yake kinawafaa kweli. Dereva ambaye simu inamlilia kila dakika kumi kwa kazi. Gari la ofisi linalobadilisha madereva. Mzee anayetaka kubonyeza "Nyumbani" na kuelekezwa, bila ujumbe wa miamala kuifunika ramani katikati ya mzunguko. Na mtu ambaye simu yake ina kumbukumbu ndogo kiasi kwamba ramani ya nchi haiingii. Kama uko humo, endelea.

Hatua ya 3: Kagua redio iliyokuja na gari

IST, Passo, Premio, Harrier: gari nyingi zilizoagizwa kutoka Japani huja na redio yenye kioo na ramani. Watu hujaa matumaini, kisha wanakutana na maandishi ya Kijapani yanayodai kadi ya ramani irudishwe. Kadi hiyo mara nyingi imeshachomolewa kabla gari halijafika bandarini, au imepotea betri ilipobadilishwa na redio ikajifunga kwa namba ya siri.

Fundi mzuri anaweza kuifungua redio. Hilo linawezekana na wapo wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Lakini kufungua redio hakuleti ramani ya Tanzania. Ramani iliyomo ni ya Japani peke yake, na huwezi kuingiza ramani nyingine kama unavyoingiza wimbo. Fungua redio kwa ajili ya muziki na kamera ya nyuma. Usimlipe mtu anayeahidi "kuiwekea Bongo" mpaka akuonyeshe kwenye gari lako, mkiwa barabarani, jina la mtaa mnaopita.

Hatua ya 4: Fahamu makundi matatu yaliyo sokoni

La kwanza ni vyombo vya kampuni zinazojulikana, hasa Garmin na TomTom, vya inchi tano hivi, ambavyo huku vingi vinafika vikiwa vimetumika. Vinaletwa na ndugu kutoka Uingereza au Dubai, au vinauzwa mkono kwa mkono. Kwa mnunuzi wa bei ya chini, hapa ndipo penye mali, na baina ya hizo mbili mimi nachagua Garmin bila kusita. Sababu ni moja: Garmin zenye nafasi ya memori kadi hukubali ramani huru zilizotengenezwa na watu wengine. TomTom hazikubali. TomTom iliyokuja na ramani ya Ulaya, ikikosa ramani ya huku kutoka kwa kampuni yenyewe, itakuonyesha gari likielea kwenye uwazi mpaka siku utakapoigawa.

La pili ni vile visivyo na jina, vya inchi tano au saba, vinavyoendeshwa na Windows CE. Boksi limeandikwa kila kitu: FM, video, michezo, ramani za dunia. Programu ya ramani iliyomo mara nyingi ni nakala ya wizi, kwa hiyo hakuna atakayekupa ramani mpya. Mfumo wenyewe ni wa zamani mno. Msaada wa Windows CE 6.0 ulikoma mwaka 2018. Niliyokwenda nayo Ludewa ilikuwa ya kundi hili. Siwezi kumshauri mtu ninayempenda ainunue.

La tatu ni redio za Android zinazofungwa kwenye dashibodi, za inchi saba, tisa au kumi. Kariakoo zimejaa, na Nairobi utazikuta kuanzia Luthuli Avenue. Faida yake ni kwamba unaweka Organic Maps au OsmAnd kama kwenye simu. Hasara yake ni gharama za pembeni (fremu ya dashibodi ya gari lako, ufundi, waya) na takwimu za kwenye boksi, ambazo zisikubabaishe. Redio ya bei ya chini inaweza kujitangaza ina kumbukumbu kubwa na bado ikakwama ukifungua ramani na muziki kwa pamoja. Kama ulikuwa unahitaji redio hata hivyo, kundi hili lina maana. Kama unahitaji njia tu, unalipia redio usiyoihitaji.

Hatua ya 5: Chunguza ramani kama unavyochunguza injini

Hapa usiwe na haraka.

Kwanza, usikubali neno "Afrika" kama jibu. Vyombo vingi vina ramani ya msingi ya dunia, ambayo kwetu ni barabara kuu chache na majina ya miji mikubwa. Mwenye kuuza anafungua, anaonyesha "Dodoma" imeandikwa, na mnunuzi anaridhika. Sogeza ramani karibu mpaka uone mitaa. Tafuta mtaa wako mwenyewe. Kisha tafuta kijiji cha bibi yako. Chombo kinachojua Masaki na hakijui barabara ya kwenda kwenu kimejua sehemu usiyohitaji kuonyeshwa.

Pili, pima umri wa ramani kwa madaraja. Njia hii imenisaidia kuliko kusoma namba za matoleo. Njia ya juu ya Tazara, iliyopewa jina la Mfugale, ilifunguliwa 2018. Ubungo, Kijazi, ilifunguliwa 2021. Daraja la Tanzanite la baharini pale Dar ni la 2022. Daraja la Kigongo–Busisi huko Mwanza, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025. Ukiomba njia ya Mwanza kwenda Geita na chombo kikakupeleka kwenye kivuko, ramani ni ya kabla ya hapo. Kwa Nairobi tumia Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Dakika tano zinatosha kujua unauziwa ramani ya lini.

Tatu, uliza ramani mpya itatoka wapi. Maneno "ramani za maisha" kwenye boksi la Garmin yanahusu eneo lililouzwa na chombo hicho. Kama kiliuzwa Uingereza, utapewa Ulaya mpya kila mwaka, na Tanzania hutapewa. Kwa huku kwetu njia ni mbili. Unaweza kununua ramani ya kulipia: Tracks4Africa wanatengeneza ramani za Garmin zenye barabara za vumbi na za hifadhini, zinazopendwa na wanaosafiri maporini, lakini bei yake pengine itakaribia au kupita bei ya chombo chenyewe kilichotumika. Au unatumia OpenStreetMap, ambayo ni bure.

OpenStreetMap ilianzishwa 2004 na inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Kwa Dar es Salaam tuna bahati ya pekee. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wakazunguka kata kwa kata, pamoja na wakazi, kuchora mitaa, mitaro na nyumba kwa sababu ya mafuriko. Mitaa ya Tandale na Manzese iko kwenye ramani hiyo kwa undani ambao ramani za kulipia haziwezi kujivunia. Kibera ya Nairobi ilichorwa mapema zaidi, 2009, na vijana wa Kibera wenyewe. Ninapokata kona ya uchochoro na mshale ukanifuata, huwa nawakumbuka watu waliotembea pale kwa miguu na karatasi mkononi.

Kuiweka kwenye Garmin si kazi ngumu. Unahitaji kompyuta ya rafiki kwa saa moja.

1. Tafuta tovuti inayotoa OpenStreetMap kwa ajili ya Garmin; tafuta kwa Kiingereza maneno "OpenStreetMap Garmin". Chagua Tanzania, au chora boksi la eneo unalolihitaji.
2. Shusha faili ambalo mwisho wake utakuwa gmapsupp.img.
3. Chukua memori kadi ya GB 32 au chini yake, ifomatiwe kwa FAT32. Faili moja lisizidi GB 4, FAT32 haipokei zaidi ya hapo.
4. Ndani ya kadi tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo. Baadhi ya matoleo hutaka folda iitwe Map. Ukiona ya kwanza haijasomwa, jaribu ya pili.
5. Chomeka kadi, washa, ingia kwenye mipangilio ya ramani, washa mpya na uzime ya Ulaya ili zisigombane.

Kuna dosari moja utakayokutana nayo: kutafuta anwani kwa jina la mtaa kwenye ramani hizi hakufanyi kazi vizuri siku zote. Vituo vya mafuta, hospitali na shule vinapatikana. Kwa nyumba ya mtu utatumia nukta, na hilo nalieleza mbele.

Hatua ya 6: Angalia vitu vichache vya chombo chenyewe

Inchi tano zinatosha. Saba inaziba kioo cha Vitz. Ung'avu ni muhimu kuliko ukubwa. Kioo kisichosomeka saa saba mchana hakina kazi.

Nafasi ya memori kadi ni lazima. Bila hiyo, habari yote ya Hatua ya 5 inakufa. Betri ya ndani ya chombo kilichotumika chukulia imekwisha; isikusumbue, kwa sababu muda wote kitakuwa kwenye chaja.

Gari la mizigo lina umeme wa volti 24 na gari dogo lina 12. Kama ni Fuso au Scania, soma kwenye chaja paandikwe 12–24V, la sivyo utaiunguza siku ya kwanza. Chaja nayo iwe ya kutoa ampea 1 au zaidi. Tundu la USB la redio mara nyingi hutoa nusu ya hapo, na chombo kinashuka chaji kikiwa kimechomekwa, mtu akadhani kimekufa.

Tazama tarehe. Kaunta ya wiki kwenye mfumo wa GPS ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019, na vyombo vya zamani ambavyo havikuhuishwa programu yake vinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. Kwa mnunuzi ni dalili nzuri ya kujua kwamba chombo hakijaguswa miaka mingi, na makadirio ya muda wa kufika yanaweza kuwa ya ovyo. Uhuishaji wa programu, tofauti na ramani, mara nyingi ni wa bure kupitia kompyuta. Omba ufanyike kabla ya kulipa.

Vyombo vipya husoma pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China. Ni vizuri, hasa katikati ya maghorofa. Lakini kwenye barabara ya wazi ya kwenda Singida, kipokezi cha GPS peke yake kinatosha kabisa.

Hatua ya 7: Jaribu nje ya duka

Ndani ya duka la Kariakoo, chini ya bati na zege, hakuna chombo kitakachoshika setilaiti. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hapa mtandao ni mdogo, ukitoka utakubali." Mwombe mtoke pamoja. Mwenye bidhaa nzima hatakataa kutembea hatua ishirini.

Mkiwa nje chini ya anga wazi, washa na usubiri. Chombo kilichozimwa muda mrefu, au kilichosafirishwa kutoka nchi nyingine, kinahitaji muda wa kujipanga upya: taarifa za setilaiti moja pekee huchukua nusu dakika kupokelewa, na orodha ya zote huchukua dakika 12 na nusu. Kipe dakika 15 kabla ya kukihukumu. Mara ya pili uzime na kuwasha, kinatakiwa kishike chini ya dakika moja.

Kisha weka mahali unapopajua, uanze kutembea. Mshale ugeuke unapogeuka. Gusa pembe zote nne za kioo, kwa sababu vioo vya zamani hufa pembeni kwanza na herufi za pembeni hazitashika. Tikisa waya kwenye tundu lake. Kama kinazima, tundu limelegea na utakuwa unalishika kwa mpira mpaka lini? Pandisha sauti mpaka mwisho usikie kama spika inakwaruza.

Ukiridhika, dai risiti iliyoandikwa jina na namba ya toleo la chombo, na mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha. Mimi sikudai. Niliporudi kutoka Ludewa sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Hatua ya 8: Piga hesabu nzima

Bei inayotajwa ni ya chombo. Ongeza memori kadi, kishikio (vya vyombo vilivyotumika mara nyingi vimepotea, na vya Garmin vina umbo lake), chaja, na ramani kama ni ya kulipia. Kama unaagiza nje, ongeza usafiri na ushuru. Jumla hiyo ndiyo uilinganishe na simu ya kawaida ya Android yenye kishikio kizuri. Kama chombo kilichotumika, kikiwa kimekamilika, kinazidi bei ya simu mpya inayofanya kazi hiyo hiyo, acha. Kanuni yangu ni kwamba GPS ya peke yake isizidi nusu ya bei ya simu hiyo. Ikizidi hapo haistahili tena kuitwa ya bei nafuu.

Hatua ya 9: Funga vizuri

Kibandike chini kushoto au kulia mwa kioo, mbali na macho yanayotazama barabara na mbali na mfuko wa hewa. Futa kioo kwa spiriti kwanza. Mpira ulioacha kushika uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe. Kama kioo chako cha mbele kina tinted yenye chembe za chuma, mawimbi yatapungua. Sogeza chombo hadi sehemu isiyo na karatasi hiyo, au tumia antena ya nje kama kinaikubali.

Kwa redio ya Android, antena ni kile kidonge cheusi chenye sumaku. Mafundi wengi hukizika nyuma ya redio kwa kutaka usafi wa kazi. Mwambie fundi akiweke juu ya dashibodi, uso ukitazama anga. Nusu ya malalamiko ya "GPS yangu inarukaruka" niliyowahi kwenda kuyatazama yalitokana na hilo.

Ukiegesha, ondoa chombo na ufute ile alama ya duara kwenye kioo. Alama hiyo inamwambia mwizi afungue droo. Na usikiache juani: betri ya lithiamu na dashibodi ya Dar saa nane mchana havipatani.

Hatua ya 10: Jifunze nukta, kwa sababu anwani hazitoshi

Kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitupa namba za nyumba na majina ya mitaa, na mfumo wa NaPA unazihifadhi. Lakini GPS yako ya zamani haizijui. Njia ya uhakika ni nukta: mwenyeji akutumie mahali alipo kwa simu, usome namba mbili (latitudo na longitudo), uziingize kwenye chombo.

Makosa mawili yanapoteza watu. La kwanza ni alama ya kusini. Katikati ya Dar es Salaam ni kama 6.8 kusini, 39.28 mashariki, na simu itaandika -6.8. Ukisahau ile alama ya kutoa na kuacha N badala ya S, chombo kitakutafutia njia ya kwenda Ethiopia. La pili ni muundo. Desimali 6.5 ni nyuzi 6 na dakika 30, wala si dakika 50; ukichanganya hapo umekosea kwa kilomita 37 hivi. Ingia kwenye mipangilio, chagua muundo wa desimali, usiubadilishe tena.

Kabla ya safari hifadhi nukta tano au sita: unakokwenda, njia panda zote za kukata, kituo cha mafuta kabla ya pori, hospitali ya wilaya. Shangazi sasa ana kidaftari anachoandika nukta za nyumba za ndugu wote, kutoka Ludewa hadi Tanga. Anazisoma kwa sauti nikiziingiza, tarakimu moja moja, kisha ananiambia nirudie nilichoandika.

Hatua ya 11: Barabarani

Chagua njia ya haraka, usichague fupi. "Fupi" huku kwetu inaweza kuwa njia ya ng'ombe inayopita kwenye korongo. Masika washa chaguo la kuepuka barabara zisizo na lami, kiangazi lizime kama gari lako linahimili. Kwenye barabara za juu, kama Expressway ya Nairobi, chombo hakijui kama uko juu au chini yake, kwa hiyo fuata vibao.

Vikomo vya mwendo vilivyoandikwa kwenye ramani usivitegemee. Kibao cha 50 pale kijijini ndicho sheria. Lakini mwendo wako wenyewe unaoonyeshwa na GPS ni wa kuaminika, mara nyingi kuliko mshale wa dashibodi, ambao kwa kawaida huzidisha kidogo, na hupotoka zaidi ukibadilisha ukubwa wa tairi.

Usiku wa kuamkia safari, washa chombo uani, kiache kipate setilaiti zake, uombe njia nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho na uipitie kwa kidole. Popote mstari unapokatika au kunyooka kama uliochorwa kwa rula, andika jina la kijiji cha karibu. Hapo utasimama na kuuliza mtu, mchana.